Herufi A na Kidole cha Mwisho

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Mpenzi msikilizaji, wiki hii naomba tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakigusa kila siku bila kukitazama. Kitu hicho ni kibodi, yaani ule ubao wa vitufe tunaoutumia kuandika barua, mitihani, mikataba na habari.

Chukua karatasi uandike sentensi hii fupi: "Wananchi wa Busisi wanavuka daraja." Hesabu herufi zake, utapata 30. Sasa hesabu herufi a peke yake. Utapata 9. Karibu theluthi nzima ya kazi ya sentensi hiyo imefanywa na herufi moja. Rudia hesabu hiyo kwa gazeti ulilonalo mkononi. Sentensi zitatofautiana, lakini mwisho wa ukurasa a itakuwa mbele ya wenzake. Ndivyo lugha yetu ilivyo. Maneno yetu yenye asili ya Kibantu huishia kwa vokali, na vokali inayotawala ni a.

Sasa tazama a imewekwa wapi. Wale waliopita Chuo cha Uhazili Tabora, au waliofundishwa kupiga taipu mahali popote, somo la kwanza wanalikumbuka: a, s, d, f. Herufi a iko chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kwa walio wengi kati yetu, hicho ndicho kidole kinyonge kuliko vyote vinavyopiga kazi hiyo. Kwa hiyo herufi yenye kazi kubwa kuliko zote imekabidhiwa mfanyakazi dhaifu kuliko wote. Je, nani alipanga hivyo?

Mpangilio huu ulianza Marekani, katika mji wa Milwaukee. Christopher Latham Sholes, mtu wa magazeti na uchapaji kama tulivyo sisi wengine, pamoja na wenzake, walipata hataza ya mashine ya kuchapa mwaka 1868. Mashine yao iliingia sokoni mwaka 1874 ikitengenezwa na Remington, kampuni iliyojulikana kwa bunduki. Ilipofika 1878, herufi zilikuwa zimepangwa karibu kama tunavyoziona leo. Wataalamu bado wanabishana kuhusu kila sababu ya mpangilio ule. Lakini jambo moja halina ubishi: Sholes alikuwa anaandika Kiingereza. Katika Kiingereza herufi inayoongoza ni e, na a haina mzigo ilio nao kwetu. Mtu huyo hakutukosea lolote, maana hakuwa akitufikiria hata kidogo.

Yanayotokea mtu anapotumia chombo kisichomfikiria, nimeyaona Busisi.

Msikilizaji wa mbali asiyepajua Busisi, ni mji ulio katika Wilaya ya Sengerema, mkoani Mwanza, ng'ambo ya Kigongo, katika ile ghuba ya Ziwa Victoria inayokata barabara ya kwenda Sengerema na Geita. Kwa miaka mingi kila aliyepita njia hiyo alisimama kungoja kivuko. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la JP Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, na safari iliyoweza kula saa nzima na zaidi sasa huchukua dakika chache. Ni neema kubwa. Lakini neema nayo ina hesabu zake. Msafiri aliyekuwa akingoja kivuko alikula samaki, alinunua karanga, na kama alikuwa na karatasi za kuchapwa au kutolewa nakala, alizimaliza pale pale. Sasa anapita juu kwa gari, na shughuli zake anazimalizia Mwanza mjini.

Dada mmoja ana steshenari yake hapo Busisi. Jina lake nitalihifadhi. Anachapa maombi ya kazi, mihtasari ya vikao vya vijiji, mitihani ya shule na barua za madai. Analipwa kwa ukurasa. Wateja waliobaki ni wa hapo hapo Busisi na vijiji vya jirani, na wateja wa aina hiyo wakipotea hawarudi. Nilipofika kwake alinionyesha barua ya mapendekezo aliyomchapia kijana mmoja aliyekuwa anaomba ulinzi. Mwandikaji alitaka kusema kijana huyo "anafaa kwa kazi". Kitufe cha a kilikuwa kimechoka, kikapiga mara moja mahali pa mara mbili. Barua ikasema kijana "anafa kwa kazi".

Tukacheka, kisha hatukucheka tena. "Kaka," aliniambia, "Kiswahili hakina huruma. Kufa na kufaa ni a moja tu. Mteja akiniona sina umakini, atavuka daraja."

Kompyuta yake ilikuwa ya mapajani. Ndani ya kibodi za namna hiyo, na za bei nafuu kwa jumla, mna karatasi nyembamba za plastiki zilizochorwa mistari ya kupitisha umeme, na juu yake vimewekwa vijikombe vya mpira. Ukibonyeza, kijikombe kinajikunja na mistari inagusana. Ni rahisi kutengeneza viwandani, lakini ni vigumu kurekebisha. Chai ikimwagika, au vumbi na unyevu vikiingia, au wale wadudu wadogo wa ziwa wanaotanda hewani kama moshi wakiingia chini ya vitufe, mstari mmoja ukiliwa na kutu unaweza kuzima herufi kadhaa kwa pamoja. Katika kompyuta nyingi za mapajani kibodi imebanwa moja kwa moja kwenye bodi, hivyo fundi hawezi kutibu a peke yake. Anatoa yote na kuweka nyingine. Dada huyu alikuwa amekwisha badilisha mara mbili, na mara zote mbili a ndiyo iliyotangulia kufa. Na kidole chake cha mwisho, kwa maneno yake mwenyewe, kilikuwa kinamkesha usiku.

Mdogo wake ni fundi wa simu. Akamwambia, "Dada, acha kununua. Nitakutengenezea." Naye akatengeneza, nyumbani, katika chumba cha uani, juu ya meza ya kulia. Nilikaa naye siku mbili nikitazama, na napenda nikueleze alivyofanya, kwa sababu hakuna uchawi ndani yake.

Kibodi ya aina hiyo huitwa kibodi ya swichi, kwa kuwa kila kitufe kina swichi yake inayojitegemea. Swichi ni kijisanduku cha plastiki chenye springi, kigingi kinachoshuka na kupanda, na vipande viwili vya shaba vinavyogusana. Kigingi husafiri kama milimita 4, na herufi hutoka karibu na katikati ya safari, kabla hakijagonga chini. Aina iliyoenea zaidi ilianzishwa na kampuni ya Cherry ya Ujerumani katika miaka ya 1980. Muda wa hataza ulipokwisha, viwanda vya China vilianza kutengeneza swichi za namna hiyo kwa wingi, na bei ikashuka. Kijana wetu alizipata swichi 60 kwa mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mizigo kutoka China.

Kazi ya kwanza ilikuwa bati la kushikilia swichi. Fundi wa milango ya vyuma alimkatia kipande cha alumini chenye unene wa milimita moja na nusu. Juu yake akachora matundu 60 ya mraba, safu 5 zenye matundu 12 kila moja. Kila tundu ni milimita 14 kwa 14, na kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine ni milimita 19. Alitoboa kwa drili akamalizia kwa tupa. Tundu likizidi kidogo, swichi inacheza, likipungua, haiingii. Kazi hiyo peke yake ilimla siku nne. Sanduku la chini alilichonga kwa vipande vya mbao alivyopewa na mafundi wa mitumbwi ufukweni.

Kazi ya pili ni nyaya, na hapa ndipo penye akili. Mtu anaweza kudhani kwamba swichi 60 zinahitaji nyaya 60 kwenda kwenye kompyuta. Hapana. Fikiria soko lenye meza 60 zilizopangwa safu 5, kila safu meza 12. Kumpata muuzaji huhitaji jina lake. Unasema "safu ya tatu, meza ya saba". Vivyo hivyo, waya mmoja unapita kwenye kila safu na mmoja kwenye kila mstari wa kushuka. Tano na kumi na mbili ni nyaya 17 tu. Kitufe kikibonyezwa, waya wa safu na waya wa mstari hukutana, na chombo kinajua ni meza gani.

Tatizo ni kwamba ukibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja vilivyo katika pembe tatu za mraba, umeme unaweza kurudi kinyume na kuonyesha kitufe cha nne ambacho hakuna aliyekigusa. Hiyo ni herufi ya mzimu. Dawa yake ni dayodi, kijipande kidogo kinachoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu. Kijana alinieleza kwa mfano wa kwao: "Mzee, ni kama mgono wa samaki. Anaingia, harudi." Kila swichi ikapewa dayodi yake. Dayodi 60 zote zikalehemiwa kwa mkono, kwa kile chuma cha moto ambacho mafundi redio hukitumia kuyeyushia risasi. Hapo naomba nikumbushe: moshi wa kazi hiyo si wa kuvutwa. Madirisha yafunguliwe, watoto wakae mbali, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Kazi ya tatu ni ubongo. Nyaya zote 17 huishia kwenye kompyuta ndogo, ndogo kuliko kiberiti kwa unene. Yeye alitumia Raspberry Pi Pico, iliyobuniwa Uingereza na kutolewa Januari 2021 kwa bei ya dola 4 za Marekani. Ndani yake aliweka programu iitwayo QMK, ambayo hutolewa bure, na maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyabadili. Programu hiyo huzungukia safu zote mara nyingi katika kila sekunde ikiuliza nani amebonyezwa. Aidha, inajua kwamba vipande vya shaba vinapogusana hurukaruka kwa muda mfupi sana, hivyo husubiri kidogo vitulie kabla ya kuandika. Bila subira hiyo, kitufe kimoja kingeandika a mbili, na yule kijana mlinzi angepata tabu ya upande wa pili.

Lakini faida kubwa ya programu ile, msikilizaji, ni kwamba inamruhusu mwenye kibodi kusema herufi gani ikae wapi.

Dada na mdogo wake walikaa chini wakajadiliana. Katika kibodi ya kawaida vidole gumba viwili, vyenye nguvu kuliko vyote, vina kazi moja tu ya kuweka nafasi kati ya maneno. Wakaamua gumba la kulia libaki na nafasi, gumba la kushoto lipewe a. Herufi q haimo katika Kiswahili, nayo x hali kadhalika. Zote mbili zikahamishiwa nyuma ya kitufe kingine, zipatikane tu linapokuja jina la kigeni. Mahali pa q pakawekwa ng', zote tatu kwa mguso mmoja: n, g na kile kikoma cha juu. Aliyewahi kuchapa muhtasari wa kikao cha wafugaji, wenye ng'ombe katika kila mstari, ataelewa thamani ya uamuzi huo. Herufi nyingine zote zikabaki zilipokuwa, ili asianze upya kama mtoto. Na kwa kuwa mazoea yana taabu, pale pa zamani pa a pakaachwa paendelee kuandika a vilevile, mpaka mkono utakapojifunza wenyewe.

Nilimpigia simu baada ya wiki sita. Aliniambia wiki mbili za mwanzo alikuwa mzito mpaka akakaribia kukata tamaa. Sasa amerudia kasi yake ya zamani, hajaizidi. Ila kidole hakimkeshi tena. Mimi si daktari, na sisemi kwamba kila mwenye maumivu ya mkono atapona kwa kuhamisha herufi. Nasema alichoniambia. Swichi moja ilikwisha haribika. Mdogo wake aliyeyusha risasi mahali pawili, akaitoa, akaweka nyingine, na kazi ikaendelea kabla mteja hajamaliza soda yake.

Najua yapo maswali. La kwanza ni fedha. Tusidanganyane: vifaa vyote kwa jumla vilimgharimu zaidi ya kibodi mpya ya kawaida ya dukani Mwanza, na hapo hatujahesabu siku za kazi. Ulaya na Marekani wapo wanaotengeneza kibodi hizi kwa starehe, wakitumia fedha nyingi ili tu kitufe kitoe mlio wanaoupenda. Hiyo ni hiari yao. Lakini anayelipwa kwa ukurasa anahesabu kwa namna nyingine: kibodi anayoweza kuitibu kitufe kimoja kimoja, na anayobaki nayo hata kompyuta ikibadilika, si sawa na ile ya kutupa yote kwa sababu ya herufi moja.

Swali la pili ni zito zaidi. Je, mtu aliyezoea mpangilio wake mwenyewe atafanyaje akiajiriwa ofisi nyingine? Hoja hii ni ya kweli, ndiyo maana nawasifu kwa kubadilisha machache. Waliweka pia kitufe kimoja kinachorudisha kila herufi mahali pake pa kawaida, ili msaidizi akija asipotee. Aliyejifunza njia mbili za kwenda sokoni hajaisahau ya kwanza.

Na tusidhani wazo hili ni kichekesho cha Busisi. Mwaka 1955 Uturuki ilipata mpangilio wake rasmi, kazi iliyoongozwa na mwalimu wa kupiga taipu aitwaye İhsan Sıtkı Yener. Walihesabu herufi za maneno ya Kituruki, wakazipa zenye kazi nyingi vidole vyenye nguvu. Wachapaji wa Kituruki walikuja kushinda mashindano ya dunia kwa mpangilio huo. Hata hivyo, kompyuta kutoka nje zilipoingia kwa wingi, nyingi zilikuja na mpangilio wa kigeni, na Waturuki wengi wakauzoea huo. Somo lake ni wazi: asiyetengeneza chombo hupokea mazoea ya aliyekitengeneza.

Kiswahili hakikosi heshima siku hizi. UNESCO ilitangaza mwaka 2021 kwamba tarehe 7 Julai iwe siku yake duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha yake ya kazi. Tunashangilia kwa hotuba, na ni vizuri. Lakini lugha hukaa pia katika vidole vya karani. Ningependa kuona Baraza la Kiswahili la Taifa na wataalamu wetu wa vyuo vikuu wakilichukua jambo hili dogo la kuhesabu herufi na vidole, kisha vyuo vya ufundi vikawapa vijana swichi, dayodi na tupa wajaribu. Majirani zetu Wakikuyu wa Kenya wana i na u za alama juu yake. Kisukuma kina vokali saba wakati kibodi ina herufi tano za vokali. Kitufe cha kila moja ya hizo kinaweza kutengenezwa juu ya meza ya kulia.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa heshima zao, naomba niongeze neno moja. Mkulima hachagui jembe, lakini mpini wake huuchonga mwenyewe, akaupima kwa kimo chake na kwa kiganja chake. Hatukubuni kibodi, wala si aibu. Mpini ndio tuliouacha kwa wengine muda mrefu mno, na kule Busisi kijana mmoja ameuchonga.

Mpenzi msikilizaji, nakutakia wiki njema. Kwa heri.